Daraja Alilolilinda Baba

Wabera,
S.L.P. 47,
Isiolo, Kenya.
18 Desemba 1989

Mpendwa ndugu yangu Guleid,

Assalaamu aleikum warahmatullahi. Kabla sijaufungua huu mdomo wangu mchungu nikuulize hali kwanza, maana mama alitufundisha adabu. Kifua chako kimepoa? Na mke wako Gwen, hajambo? Na Dahir, mwanao, kwa picha uliyotuma naona amekuwa mrefu kama mlingoti. Mlishe vizuri, lakini mwambie akate nywele.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini nikishafungua duka yananyooka yenyewe kwa sababu wateja hawangoji. Binti yangu Amino amejifungua salama mtoto wa kike, wamemwita Deqa. Mvua ya Novemba ilinyesha siku nne ikatuaga. Binamu yetu Habsa ameniletea salamu kutoka Sericho, anasema pampu ya kisima imekufa tena na watu wanapanga foleni nyuma ya ngamia. Hivyo ndivyo tulivyo, wazima na wenye vumbi.

Barua yako ya Septemba niliipata. Uliomba vitu viwili: nikuandikie historia ya daraja alilolilinda baba, ili Dahir akaisome mbele ya darasa lake huko Cardiff, na nikutumie ile karatasi ya baba iliyotundikwa ukutani. Nimechelewa kujibu, na sikuchelewa kwa uvivu. Mwezi uliopita karatasi hiyo ilikaribia kunifanya mgeni katika mji niliozaliwa, na ili nisiwe mgeni nimefanya jambo ambalo sijui nitalielezaje mbele ya Mungu. Nimechukizwa, Guleid. Kila mtu ninayemfikiria katika habari hii ananitia kinyaa, kuanzia Mwingereza wa zamani mpaka mimi mwenyewe ninayeshika kalamu hii.

Basi mwambie Dahir aandike hivi. Daraja la reli la Mto Tsavo lilijengwa na Wahindi, zamani, kabla ya baba kuja nchi hii. Wazungu wanaoandika habari zake huandika simba. Ni simba tu, simba walikula vibarua, Mzungu akawapiga risasi, kwisha. Waliobeba mawe na kusimama ndani ya maji wakishika nguzo hawana majina. Ukimuuliza mtu yeyote duniani atakutajia idadi ya simba, na hakuna atakayekutajia kibarua hata mmoja. Hapo ndipo historia ya daraja hilo inapoanzia kunuka, na sisi bado hata hatujaingia.

Sisi tuliingia wakati wa vita vya kwanza vya Mjerumani. Mjerumani alikuwa upande wa pili wa mpaka, na vikosi vyake vidogo vilikuwa vikivuka nyika na baruti kuja kuvunja reli ya Mwingereza. Mwingereza akaweka askari kwenye madaraja. Baba alikuwa amevuka kutoka Berbera akapitia Aden, kijana asiye na mke wala ngamia, akaandikishwa, akawekwa kwenye daraja la Tsavo pamoja na Wasomali wenzake sita. Walikaa hapo zaidi ya mwaka.

Wewe uliondoka ukiwa kijana, labda umesahau alivyokuwa akisimulia. Maji yalikuwa chini yao yakipita mchana kutwa, na wao wakikaa kwa kiu juu, kwa sababu aliyeshuka ukingoni alikuwa shabaha. Wakawa wanashusha ndoo kwa kamba kutoka kwenye vyuma vya daraja. Na kila alfajiri zamu ya baba ilikuwa kutembea daraja zima na nyundo ndogo, akigonga kila komeo la chuma, yaani bolti, na kusikiliza. Komeo lililokazwa hulia. Lililolegezwa na mkono wa mtu linajibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Asubuhi moja komeo moja likajibu hivyo. Akalala kifudifudi juu ya mataruma ya reli, akachungulia, akaona baruti imefungwa chini kwa waya. Treni ya askari ilikuwa njiani kutoka Voi.

Ndiyo maana baba alikuwa akigonga kila kitu. Milango, miguu ya meza, kitanda. Unakumbuka mama alivyokuwa akimwambia, "Mzee, kitanda hakina Mjerumani, njoo ulale"? Na ile ndoo yenye kamba aliyoiweka karibu na mto wake hadi siku anakufa, nyumba ina mfereji! Sisi tulicheka. Leo sicheki.

Kwa asubuhi ile afisa wa Kizungu alipata nishani. Wenzake baba wawili walikufa kwa kuhara damu wakazikwa ukingoni bila hata jiwe. Baba akapata karatasi. Ndiyo hiyo unayoitaka: jina lake kamili, Shuriye Dahir Guleid, na maneno kwamba alilinda daraja kwa uaminifu na ushujaa, na sahihi ya mtu ambaye nina hakika hakuwahi kumtazama usoni. Kisha wakawaleta askari wao wa Kisomali hapa Isiolo, wakawaambia kaeni hapa na mifugo yenu, hii ndiyo ahsante.

Mimi daraja lenyewe nililiona mara moja tu, mwaka wa sabini na sita, marehemu mume wangu alipokuwa anapeleka mbuzi Mombasa kwa lori. Nilimsumbua tangu Nairobi mpaka akakubali kusimama. Nilidhani nitaona mto kama bahari, kwa vile baba alivyokuwa akiusimulia. Nikaona maji ya kahawia na vyuma vyenye kutu. Nilitaka tu kushuka nitafute yale makaburi mawili, nisome Fatiha. Akatokea mlinzi na rungu, kijana wa watu, akanifukuza. Nikamwambia baba yangu alikuwa askari hapa. Akaniangalia buibui langu toka juu mpaka chini. "Msomali alinda daraja ya Kenya? Mama, panda gari." Na akacheka, na dereva wetu naye akacheka. Nililia kuanzia hapo mpaka Voi, kwa hasira.

Sasa sikiliza ya mwezi uliopita. Redio ilitangaza kwamba Wasomali wote wa Kenya watahakikiwa. Kitambulisho tulichonacho hakitoshi. Lazima kila mmoja aende mbele ya wakaguzi, athibitishe kwamba yeye na wazazi wake ni wa hapa, apewe kadi ya pili. Mborana hakuitwa. Mmeru hakuitwa, wala Mturkana. Godana jirani yangu, aliyehamia mtaa huu juzi akitoka Biliqo, alikuwa akipita na baiskeli yake akitusalimia kwenye foleni. Sina ubaya naye, lakini siku ile hata salamu yake ilinichoma. Asiye na kadi asingefanya biashara, asingesafiri, na watu walikuwa wakinong'ona kwamba wengine watatupwa ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo mimi sijawahi kukanyaga. Amino alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama akikataliwa, mtoto naye anaandikwa vipi?

Mimi sikuogopa. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba sikuogopa. Wengine walikuwa wakihangaika kutafuta vyeti, mimi nikasema nina karatasi ya baba. Ni nani atamwambia binti wa mlinzi wa daraja kwamba si mtu wa hapa? Nikaishusha ukutani na fremu yake, nikaipangusa, nikaifunga kwa leso safi, nikaenda nayo mjini kifua mbele. Nikamchukua na Mzee Kaberia awe shahidi wangu.

Kaberia unamjua, mtoto wa yule Mzee Mbaabu Mmeru aliyekuwa akileta viazi na miraa kutoka juu. Yeye naye sasa ni mzee wa kanisa, meno matatu, na koti lile lile. Nilimwomba kwa sababu yeye si Msomali, nikajua neno lake litakuwa na uzito. Aibu hiyo pia iandikwe: nimekaa mji huu miaka hamsini na tisa, na ili niaminiwe nilihitaji kumleta mtu wa kabila lingine aseme ananijua.

Wakaguzi walikuwa watatu mezani, na kando yao mzee mmoja wa Kisomali aliyewekwa hapo kututambua kwa koo zetu. Nilifungua leso. Kijana wa katikati alisoma kile Kiingereza, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kweli kabisa. Kisha akasema lazima aitoe kwenye fremu aone nyuma, ndiyo kawaida. Akakunjua vile vibanio vya nyuma. Guleid, nyuma ya ile karatasi kulikuwa na karatasi ya pili, imebandikwa kwa gundi ya unga. Baba alizitia zote mbili pamoja kwenye fremu, na sisi tukaangalia uso wa ile ya kwanza miaka yote hiyo bila kujua ina mgongo.

Ilikuwa ya mwaka wa thelathini na nane. Kijana akaisoma moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kuinua macho. Kwamba Shuriye Dahir Guleid anaapa yeye si mwenyeji wa nchi hii wala hana nasaba na wenyeji wake. Kwamba kwao ni Aden. Kwamba anaomba ahesabiwe yeye na watoto wake pamoja na watu wa Asia. Chini yake kidole gumba cha baba, cha zambarau, kimepigwa vizuri sana.

"Mama," akasema, "si mimi nimesema. Ni baba yako mwenyewe. Amepiga kidole."

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa na miaka minane. Baba alivaa koti na tarbushi akaenda kwa DC, mkuu wa wilaya, akarudi na kidole kimepakwa wino. Mbuzi wawili wakachinjwa. Mama akapika wali wa iliki, wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikatumwa na sahani kwa kina Kaberia. Nilikuwa siku zote nikidhani ilikuwa harusi. Kumbe tulikuwa tunasherehekea kwamba sisi si watu wa hapa! Na Mzee Mbaabu maskini, mwenyeji mwenye kipande chake, kile kitambulisho cha Mwafrika, shingoni kama kengele ya mbuzi, akala ule wali akatuombea baraka.

Najua kwa nini walifanya hivyo. Waisaaq wote wa wakati ule, watu wa ukoo wetu, walikuwa wakiandika barua mpaka London. Hawakutaka kipande. Hawakutaka kuwekwa wodi moja na Mwafrika wala kupewa posho ya Mwafrika. Waligombana na serikali waruhusiwe kulipa kodi KUBWA zaidi, ile ya Wahindi. Umewahi kusikia wendawazimu kama huo? Mwingereza aliyewalisha unga wenye wadudu juu ya daraja ndiye waliyemwendea wakimbembeleza awapandishe kidato kimoja juu ya majirani zao. Nampenda baba mpaka leo, na bado nikifikiria kidole kile nataka kutapika.

Kijana akaendelea. Ana haki ya kuniandika mgeni, akasema, lakini labda kuna njia. Labda huyu wa kwenye karatasi ni Shuriye mwingine. Wapo wengi. Akaniambia nitaje baba na babu zangu, yaani abtirsi, ile orodha ya majina tuliyofundishwa tukiwa hatujaota meno, tukilala njaa tukikosea jina moja. Akaweka kalamu tayari.

Nilimtazama Kaberia. Kaberia alikuwa anajua kila kitu. Baba alimsimulia Berbera na Aden tangu yeye ni mdogo. Naye akanitazama, macho yake yamejaa maji, akingoja nimwonyeshe njia.

Nikafikiria tumbo la Amino. Nikasema, "Kinsi Shuriye." Halafu kichwa kikawa kitupu. Jina la babu lazima liwe tofauti na la kwenye karatasi, na mimi mtu wa kukariri majina ishirini bila kupumua nikakosa hata moja. Dirishani nilikuwa naona bucha ya Adano. Nikasema, "Kinsi Shuriye Adano."

Jina la Kiborana, Guleid! Nimempa baba yetu baba mwingine, na nimemwokota buchani. Yule mzee wa Kisomali aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu tasbihi. Alijua. Angeweza kunyoosha kidole, hakunyoosha, na sijui kama nimshukuru au nimdharau.

"Na huyu aliyeandikwa hapa?" kijana akauliza, akigonga ile karatasi ya baba kwa kalamu.

"Simjui," nikasema. "Tuliikuta kwa nyumba."

Akamgeukia Kaberia. "Mzee, baba ya huyu mama alizaliwa wapi?"

"Hapa," Kaberia akasema. "Hapa Isiolo. Huyu mama mimi namjua tangu akiwa mtoto ya kuchunga mbuzi. Baba yake ilikuwa mtu ya hapa."

Mtu ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya miraa. Tukatoka nje. Tukatembea mpaka tukafika msikitini, ndipo akavua kofia yake akasema, "Mama Amino, leo tumemzika mzee Shuriye mara ya pili," akaenda zake. Siku nne hakupita dukani. Siku ya tano akaja kununua sukari, tukazungumza habari za mvua.

Kadi nimepata. Ni nzuri, ya rangi ya waridi, na jina langu limepigwa taipu bila kosa: Kinsi Shuriye Adano. Naiweka kwenye kopo la kahawa kwa sababu sitaki kuiona. Watu wananipongeza. Amino aliponipongeza niliondoka chumbani.

Nimewaza sana ni nani nimchukie zaidi. Yule kijana mezani alikuwa na adabu, hata maji alinipa. Hilo nalo linanikasirisha, ningependa angekuwa na pembe. Waliomtuma siwajui nyuso. Mwingereza alishaondoka. Nikitoka kwa hao nabaki na watu wawili: baba, aliyeapa kwamba hana nasaba na nchi hii ili apate karatasi, na mimi, niliyeapa kwamba sina nasaba na baba ili nipate karatasi. Na mimi ndiye mbaya zaidi, kwa sababu nchi haikumlea baba, lakini baba alinilea mimi, nyundo mkononi, akanibeba mabegani kunionyesha treni.

Basi karatasi hiyo uliyoomba nakutumia, zote mbili, bado zimegandana. Usizibandue. Huku siwezi kukaa nayo. Nimeapa simjui, na wakija kuikuta ukutani kwangu nitasema nini? Huko kwako baba ana haki ya kuwa baba. Mtundike. Lakini Dahir akienda kusoma mbele ya darasa lake asisome uso wake tu. Ageuze. Awaambie baba alisikia komeo moja bovu kati ya mamia, na kwamba treni ilipita salama, na awaambie pia alichokiapia, na alichofanya shangazi yake. Akiona haya kusoma sehemu yangu nitamwelewa. Asome ya baba.

Na neno moja la kazi. Utakaponijibu kwa rejista, juu ya bahasha andika Kinsi Shuriye Adano, kwa sababu posta wanadai kadi kabla ya kutoa barua. Ndani ya bahasha, tafadhali, niite jina langu.

Nisalimie Gwen, na Dahir, na wale mabaharia wetu wa zamani ambao bado wanapumua. Amino anakusalimu, Habsa anakusalimu, Mzee Kaberia anakusalimu na anauliza kama kweli huko mnakula viazi kila siku. Mungu akulinde na baridi, akuweke mbali na watu wa mezani, na akitupa uhai tuonane siku moja, tukasome Fatiha kwa wale wawili pale ukingoni.

Dada yako akupendaye,

Kinsi Shuriye Dahir Guleid